Breki ya Mkono wa Kushoto

Rafiki yangu hakuwahi kufika Ufaransa, lakini alizijua njia za baiskeli za huko kuliko mtu yeyote hapa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi katika jengo la ofisi kule Sandton, na kwa miaka mingi alikwenda kazini kwa baiskeli kwa sababu, alivyosema, baiskeli haigomi. Mimi nilikuwa fundi wake. Nina gereji ndogo nyuma ya duka la vifaa la mzee mmoja Mreno, na humo ndani nimefanya kazi moja tu maishani mwangu ambayo natamani ningeikataa.

Binti wa rafiki yangu aliondoka miaka tisa iliyopita, akapata kazi ya kuhudumia wazee katika kijiji kimoja cha Bourgogne, Ufaransa, akaolewa huko huko, akazaa mtoto wa kike ambaye babu yake alimjua kwa simu tu. Siku moja akamtumia baba yake kijitabu kwa posta. Mzee alikileta gereji kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya nyumba. Kilikuwa na ramani za njia ambazo magari hayaruhusiwi kupita. Nyingine zilikuwa njia za reli za zamani, vyuma vimeng'olewa na lami ikamwagwa juu yake. Nyingine zilikuwa kandokando ya mfereji, mahali ambapo zamani farasi walivuta mashua za mizigo.

Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa anakuja, anaketi juu ya kreti langu la soda, anasoma Kifaransa na kunitafsiria huku mimi nikiziba pancha za watu.

"Sikia hii, fundi. Kutoka hapa mpaka hapa, hakuna motokari hata moja. Ni baiskeli tu na batu ba miguu."

"Na wezi?"

"Kitabu hakisemi bya bezi."

"Kitabu chenye akili kingesema."

Alicheka, lakini hakuacha kusoma. Alijua bomba la maji ya kunywa liko wapi, kijiji kipi kina duka la mikate, na malango ya maji ya mfereji yameachana kwa umbali gani. Nilimkejeli kwa sababu ndivyo nilivyo, na kwa sababu nilikuwa na wivu. Mimi njia ninayoijua ni hii ya kutoka kusini kwenda mjini, ambako mwendesha baiskeli anabanwa kati ya ukingo wa barabara na teksi za abiria, daladala za huku, na kioo cha teksi kilikuwa kimeshamgonga mzee kiwiko mara mbili.

Mpango wake na binti yake ulikuwa kuendesha baiskeli siku nne kandokando ya mfereji. Mtoto mbele, mama yake katikati, babu nyuma. Baiskeli ya babu ilikuwa tayari inamngoja huko. "Nitakaa nyuma," aliniambia. "Nikimuona ule mutoto mugongo tu, inatosha." Viza ikatoka. Tiketi ikaja. Zilibaki wiki tatu.

Hapo ndipo ujuaji wangu uliponipanda. Niliomba kuona picha ya hiyo baiskeli inayomngoja. Akanionyesha kwenye simu, nikafuata waya kwa kidole, nikaona nilichokuwa nakitarajia. Kwetu Tanga nilikojifunzia kazi, na kwenye kila baiskeli niliyoifunga hapa, kishikio cha kulia kinashika gurudumu la mbele na cha kushoto kinashika la nyuma. Ufaransa ni kinyume chake. Cha kushoto ndicho cha mbele.

Sasa, mzee huyu mimi ndiye niliyemfundisha kuteremka mlima. Siku za mwanzo nilimwambia, na nikarudia mpaka akachoka: ukishtuka, bana mkono wa kushoto kwanza. Kushoto ni nyuma, na breki ya nyuma haimuui mtu. Ukiibana ya mbele ghafla, inakurusha. Alishika somo langu kwa miaka yote hiyo.

"Utafika kule," nikamwambia, "mtoto atasimama ghafla mbele yako, utabana kushoto kama ulivyozoea, na utapinduka mbele ya mjukuu wako. Leta baiskeli yako ya hapa nizibadilishe waya, mkono uzoee kabla hujaondoka."

Alisita. Nakumbuka vizuri kwamba alisita, alikifunga kijitabu na kuangalia viganja vyake.

"Kule njia ni pole-pole, fundi. Nitazoea kule kule."

"Samaki mkunje angali mbichi."

"Mimi ni samaki mukavu," akasema, lakini akaisogeza baiskeli kwangu.

Niliifanya kazi ile kwa furaha ambayo leo naionea aibu. Nilichomoa waya mbili, nikakata kava jipya la kuzifunika, nikazivusha, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, nikazikaza, nikapaka mafuta. Wiki nzima niliwasimulia wateja kwamba nina mtu wangu anakwenda Ufaransa na mimi nimeshamtengenezea breki za Kifaransa. Hata yule Mreno nilimwita aje aone. Jumamosi iliyofuata nikamuuliza mzee, mkono vipi? Akajibu, "Mukono unajifunza." Nikaridhika. Sikumtazama usoni hata kidogo.

Jumatano asubuhi alikuwa anateremka kuelekea mjini. Kwenye mteremko ule kuna roboti, ndivyo wenyeji wanavyoziita taa za barabarani, na kabla ya kuifikia, teksi iliyokuwa mbele yake ilisimama ghafla kuchukua abiria. Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma pale kona aliona kila kitu. Alisema baiskeli ilisimama juu ya gurudumu la mbele, na mzee akapita juu ya usukani. Hakuna gari lililomgusa. Barabara ile yote ilikuwa imejaa magari na hakuna hata moja lililomgusa. Kichwa chake kilipiga ukingo wa saruji, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafariki hospitalini.

Walinzi wenzake waliileta baiskeli kwangu, kwa kuwa kila mtu alijua fundi wake ni mimi. Usukani ulikuwa umepinda, basi. Nilingoja waondoke, nikafunga mlango wa gereji, nikazirudisha waya kama zilivyokuwa zamani, kulia mbele, kushoto nyuma. Nilijiambia kwamba naiacha baiskeli kama mwenyewe alivyoizoea. Uongo mtupu. Niliogopa kwamba mtu atakuja kuishika, abonyeze kishikio, aone.

Kilio kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa lao. Nilikaa nje na Watanzania wenzangu, na watu walikuwa wananipa pole mimi, wakisema rafiki yako, rafiki yako. Kila pole ilinichoma. Watu wa kwetu husema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio kile hakikuniumbua. Nilikula wali wa msiba nikarudi nyumbani.

Binti yake alikuwa amekuja kumzika. Mtoto alimwacha Ufaransa na mumewe. Siku tano baada ya maziko aliingia gereji kwangu peke yake, mwanamke mrefu mwenye paji la uso la baba yake, akaniamkia kwa heshima.

"Papa fundi, nimekuja kuchukua baiskeli ya papa. Nimepata boksi. Tutaenda nayo ile njia, mimi na mutoto, zile siku nne."

"Niachie, mwanangu. Nitaifunga vizuri, uje kesho."

"Kesho nasafiri. Nitangoja."

Akaketi juu ya kreti la baba yake.

Nikanyoosha usukani. Nikaangalia mnyororo na matairi, vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote. Nilijua mikono yake imejifunza huko. Akishtuka atabana wa kulia, breki ya nyuma ya kwao, na kwenye baiskeli hii kulia ni mbele. Nikimpa hivi, naweza kumzika na yeye, na mtoto akiwa mbele yake anatazama. Nikichukua spana, ataona. Nilisimama pale kama mjinga, mkono juu ya vishikio, halafu nikaichukua spana na kuanza kulegeza waya.

"Unabadilisha nini, papa?"

Ningeweza kusema natia mafuta. Sentensi hiyo ilikuwa mdomoni tayari. Badala yake nikamwambia yote, nikiwa nimeinamia gurudumu: somo la mkono wa kushoto, picha ya kwenye simu, baba yake alivyosita, na jinsi nilivyozirudisha waya nikiwa nimefunga mlango. Nilimwambia ni mimi niliyesisitiza.

Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama.

"Aliniambia kwa telefone," akasema. "Mara mbili. Alisema mukono unakataa. Nikamuambia, papa, rudi kwa fundi akurudishie vile ilikuwa."

Nikaiweka spana chini.

"Akasema hapana. Alisema fundi alifurahia sana ile kazi, nikimuomba aitoe itamuumiza roho. Alisema bado siku kidogo tu."

Nilitaka anitukane. Ningeshukuru. Nilijua sasa kwamba mzee alikuwa amepita mbele ya mlango wangu kila siku ya wiki ile na breki asiyoitaka, na kwamba nisingekuwa mtu wa kujisifu kiasi kile, angeingia na kuniambia.

Akanyoosha kidole kuelekea kwenye baiskeli. "Maliza, papa."

Nikamaliza. Nikavusha waya ya pili, nikakaza nati ya mwisho, nikainua usukani na kulizungusha gurudumu la mbele, kisha nikamwomba ajaribu. Akainuka, akashika kishikio cha kushoto, akabana, na gurudumu likasimama pale pale.