Marinda Ishirini na Manne kwa Wimbo Mmoja

Saa moja kasorobo asubuhi mjini Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Sephora anafagia kwa haraka ya mtu anayefukuzwa. Ufagio wa chelewa unakwaruza saruji ya baraza, vumbi linaruka hadi barabarani, na mwendesha boda aliyeegesha hapo mbele anasogeza pikipiki yake huku akinung'unika. Sephora hana habari naye. Jicho lake liko kwenye kona ya soko, ambako Scovia anaweza kutokea wakati wowote.

Scovia anatokea. Anaona baraza limeshafagiliwa, anasimama, anashika kiuno.

"Maman, leo tena?"

"Leo tena!" anajibu Sephora na kutupa ufagio pembeni. "Baraza iko safi. Wimbo ya kwanza iko yangu."

Anaitoa simu mfukoni mwa aproni, anaiunganisha na spika ndogo nyekundu iliyofungwa kwa mpira kwenye nguzo. Kabla ya kubonyeza anakohoa kidogo, kisha anatangaza kwa sauti ya mtu wa redio: "Mabibi na mabwana, Mbilia Bel!" Gitaa linaingia. Mguu wake unaingia nalo kwenye pedali ya cherehani.

Hiyo ndiyo sheria ya baraza hili la mafundi watatu. Aliyefagia ndiye anayefungua siku kwa wimbo anaoutaka. Baada ya hapo ni zamu kwa zamu, wimbo mmoja kila mtu, hadi jioni. Ni marufuku kuukata wimbo wa mwenzako hata kama unakuchefua. Na lazima umtaje mwimbaji kabla hajaanza kuimba.

"Ni kama unaleta mugeni kwa nyumba," Sephora anamweleza mwandishi. "Mugeni bila jina, mutu atamukaribisha namna gani?"

Sephora ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Aru, upande wa Kongo, na akavuka mpaka mwaka 1998 wakati wa vita, akiwa na magauni mawili, mkasi, na kaseti moja ya Mbilia Bel ambayo hakuwa na redio ya kuichezea. Anacheka akilisimulia hilo. Miezi minane aliibeba kaseti ile kila alikohamia, mpaka alipompata mwenye redio.

Aliyekuwa na redio ni Lemi, fundi wa suruali, ambaye leo ana miaka sitini na saba na bado anakaa kwenye cherehani ya pili kutoka mlangoni. Lemi ni Mkakwa wa hapa hapa, lakini ujana wake ulimkuta ng'ambo. Mwaka 1979, wakati wa vita, familia yake ilikimbilia Zaire, Kongo ya leo, na huko ndiko alikoshikwa na Franco na OK Jazz, wala hawajamwachia hadi leo. Wimbo wa Lemi hauchezi chini ya dakika kumi. Kwanza gitaa linaongea, mwimbaji anajibu taratibu, wanabishana, wanapatana, halafu ndipo mambo yanapochangamka.

"Hii ya vijana inakimbia wapi?" anauliza Lemi kila zamu ya Scovia inapofika. "Nani anaifukuza?"

"Na yako, Mzee, imelala," hujibu Scovia. "Tuitafutie blanketi."

Scovia, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Arua, ndiye mdogo wa baraza. Alikuja miaka mitatu iliyopita kujifunza kazi kwa Sephora, na hakuondoka. Yeye ni wa Fally Ipupa, wa Diamond, na wa hao wapya wanaotoka kila wiki kiasi kwamba Lemi ameacha kukariri majina yao. Siku nzuri, kila fundi anaondoka na shilingi elfu ishirini na tano. Siku mbaya, wanaondoka na nyimbo.

Lakini nyimbo hapa si starehe tu. Ni kipimo.

Sephora anajulikana Koboko yote kwa sketi za marinda. Ukimtazama anavyoyakunja utashangaa, maana hashiki tepu. Anatandaza kitambaa mezani, pini tayari mdomoni, anasubiri gitaa. Kila gitaa linaporudi mwanzo, rinda moja. Linarudi, rinda lingine. Ubeti ukiisha, mkono wake uko ukingoni mwa kitambaa na marinda ni ishirini na manne kamili. Aliwafundisha wenzake hivyo hivyo, na kwa kuwa wote watatu walikuwa wakisikiliza spika moja na kukunja alipokunja yeye, sketi za baraza hili zilifanana kama ndugu.

Hakuna aliyewahi kuhesabu. Wahesabu nini, na wimbo unahesabu?

Mwezi Mei ndipo walipopata kazi kubwa kuliko zote. Kwaya ya akina mama ya parokia moja mjini Arua ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na ilitaka sketi arobaini za buluu za kuvaa Jumapili ya sherehe. Sephora alikuwa ameiomba kazi ya Arua miaka miwili. Kule kuna mafundi wenye cherehani za umeme, na jibu alilopewa kila mara lilikuwa lile lile, kwamba wa Koboko washone za Koboko. Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mrefu aitwaye Candiru, alikubali mwisho kwa shingo upande.

"Niliambia yeye, Mama Candiru, kama mbaya, usinilipe, na usiseme tena jina yangu," anakumbuka Sephora. "Niliapa hivyo. Mudomo hii!"

Wiki hiyo hiyo, Scovia akajinunulia vile vidude vya kusikilizia muziki masikioni. Baada ya siku mbili akamletea na Lemi vyake. Amani ikatawala! Hakuna wa kulalamika wimbo umelala, hakuna wa kuuliza unakimbia wapi. Kila mmoja na mwimbaji wake kichwani. Sephora mwenyewe aliwasifu. Alibaki na spika peke yake, akaipunguza sauti ili asiwasumbue, akamshukuru Mungu kwa utulivu.

Wakagawana vitambaa, wakakunja, wakashona, wakapiga pasi. Kiuno sawa, urefu sawa. Jumatano sketi arobaini zikapelekwa Arua.

Alhamisi saa tatu asubuhi, pikapu ikasimama mbele ya baraza. Candiru akashuka na magunia mawili. Hakusalimia, na kwa mama wa Kilugbara wa rika lake, hilo peke yake lilitosha kuonyesha kuna jambo. Akatoa sketi tatu, akazitandaza mezani moja baada ya nyingine.

"Mama Sephora, njoo uangalie na macho yako. Wanawake yangu wamesimama jana kwa laini. Watu wamecheka! Wameuliza kama tunaenda kwa harusi tatu tofauti."

Sephora akaangalia. Sketi ya kwanza ilikuwa na marinda ishirini na manne. Ya pili ilikuwa na marinda kumi na sita, mapana kama milango. Ya tatu ilikuwa na thelathini na moja, membamba, yamebanana. Ya kwanza yake, ya pili ya Lemi, ya tatu ya Scovia. Rumba ya pole ilikuwa imekunja kwa pole, na muziki wa haraka ulikuwa umekunja kwa haraka.

"Nilitaka ardhi ifunguke," anasema. "Niliona aibu mpaka masikio ikawa moto. Si Lemi, si mtoto huyu. Mimi ndiye nilisema amani iko mzuri."

Candiru alitaka kuchukua sketi azipeleke kwa mafundi wa Arua. Sephora akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwomba siku mbili tu, mpaka Jumamosi mchana. Yule mama akakubali. "Mimi sirudi nyumbani kulala na wasiwasi," akasema. "Nitakaa hapa hapa kwa ndugu yangu, na nitakuja kuangalia." Akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono.

Mtu angedhani kazi ilikuwa rahisi: kuchana mishono kwa wembe, kupiga pasi, kukunja upya. Wangeweza hata kutumia tepu. Walijaribu. Lemi alipima marinda manne, la tano likapinda, akasonya. Mikono iliyozoea kuongozwa na gitaa kwa miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imegoma kuongozwa na namba. Ilibidi wimbo. Wimbo mmoja, kwa wote watatu.

Lakini upi? Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye baraza hilo. Kila mmoja akawa anataka wa mwenzake.

"Weka ya huyu mtoto," akasema Lemi, akitoa vidude vyake masikioni na kuvitia mfukoni. "Mimi mzee nitafuata."

Akafuata, maskini. Scovia alipofika rinda la ishirini, Lemi alikuwa la tisa, jasho linamtoka, pini imemdunga kidole.

"Basi tuweke ya Mzee," akasema Scovia. Akatangaza mwenyewe, kwa heshima zote, "Franco na OK Jazz!" Ikaanza. Lemi akakunja kama mtu anayetembea kwenda kanisani. Scovia alijitahidi kusubiri gitaa lirudi, lakini mikono yake ya miaka ishirini na minne haikuweza kukaa bure. Kila aliposubiri, akaongeza rinda moja dogo la katikati. Alipomaliza yalikuwa ishirini na tisa.

Candiru kwenye kiti chake akaguna. "Jumapili iko kesho kutwa kesho yake," akasema.

Sephora ndiye aliyebaki. Hakuthubutu kuutaja wimbo wake, maana Scovia alikuwa akiucheka tangu siku ya kwanza. Nyimbo za akina mama, ndivyo alivyoziita, na kila Mbilia Bel alipoingia alijifanya anasinzia juu ya cherehani. Lakini hapakuwa na kingine cha kujaribu. Akanyoosha mkono, akabonyeza. Hata kutangaza hakutangaza.

Gitaa likaingia. Rinda. Likarudi. Rinda. Sephora hakuinua uso, aliogopa. Alisikia tu pini zikiingia kitambaani, tatu kwa pamoja. Ubeti ulipoisha, wote watatu walikuwa ukingoni. Candiru akanyanyuka, akasogea, akahesabu kwa kidole. Ishirini na manne. Ishirini na manne. Ishirini na manne.

Kumbe miaka yote marinda yalikunjwa kwenye zamu ya Sephora, na hakuna aliyelitambua. Kwamba Lemi aliujua wimbo huo haikuwa ajabu. Ulimkuta mtu mzima, anaucheza harusini. Ajabu ilikuwa Scovia, ambaye midomo yake sasa ilikuwa inatembea na kila neno la Kilingala, lugha asiyoielewa.

"Wewe!" Sephora akapiga kofi mezani. "Maneno yote hii umejua wapi?"

Scovia akacheka kwa aibu. "Mama yangu alikuwa anaimba hii kila Jumamosi akifua nguo. Kila Jumamosi, Maman! Nimeisikia kabla sijajua kutembea."

"Na miaka tatu unanicheka?"

"Sasa nicheke wimbo ya nani? Ya watu sijui?"

Sephora anasema hapo machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Alikuwa amedhani wimbo ule ni mzigo wake wa peke yake, kaseti aliyovuka nayo mpaka. Kumbe upande wa pili, Arua, kuna mama asiyemjua aliyekuwa akiufulia nguo.

Waliucheza wimbo huo siku mbili. Muuza chapati wa jirani aliwaomba kwa jina la Mungu waubadilishe. Hawakubadilisha. Candiru mwenyewe, kufikia Ijumaa alasiri, alikuwa ameacha kukunja mikono na kuanza kushika pasi ya mkaa, akitikisa bega kidogo akidhani haonekani. Jumamosi saa saba mchana, sketi ya arobaini ikaingia gunia.

Jumapili Sephora alikaa benchi la nyuma kanisani Arua, kati ya Lemi na Scovia. Kwaya iliingia kwa mistari minne, ikafika mbele, ikageuka kwa pamoja. Sketi arobaini zikafunguka kwa pamoja na kujifunga kwa pamoja. Lemi akamgusa kiwiko na kumnong'oneza: "Umeona, Sephora? Mbilia Bel iko kanisani na hakuna mutu anajua."

Tangu hapo vile vidude vya masikioni vimekaa ndani ya kopo la vifungo, na spika nyekundu imerudi kupigiwa kelele. Kila kazi kubwa sasa ina wimbo wake, uliochaguliwa na wote, na Scovia huandika jina la mwimbaji kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa cha kwanza. Mwezi uliopita Lemi alikunja mapazia ya hoteli nzima kwa Fally Ipupa. Anakiri, kwa sharti la kutotangazwa sana Koboko, kwamba ndani ya gitaa la kijana huyo kuna kitu anachokifahamu.

Candiru naye amekuja na neno. Ana baraza tupu mbele ya duka lake mjini Arua, na anataka tawi la Sephora lifunguliwe hapo Januari. Fundi mkuu awe Scovia, arudi nyumbani kwao.

Sephora amekubali. Anasema anafurahi, na anafurahi kweli, ila akilitaja hilo anashika mkasi na kukata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Wasiwasi wake mkubwa, anadai, ni marinda. Sketi za Koboko na za Arua lazima zifanane. Kwa hiyo wamepanga kwamba kila asubuhi saa moja simu itapigwa, na wimbo mmoja utaanza miji yote miwili kwa pamoja.

"Na wimbo wa kwanza atachagua nani?" anauliza mwandishi.

"Mwenye amefagia kwanza," wanajibu Sephora na Scovia kwa pamoja.

Lakini kati ya Koboko na Arua ni zaidi ya kilomita hamsini. Mtu atajuaje nani alimtangulia mwenzake?

"Nitamwambia tu, Maman, mimi nimemaliza," anasema Scovia.

"Hapana!" Sephora anatikisa kichwa, macho yamelowa na mdomo unacheka. "Kusema haitoshi. Kila asubuhi utapiga simu, utaiweka chini kwa saruji, na utafagia. Mimi nataka kusikia ufagio."