Maneno Niliyojifunza kwa Wivu

Shukrani zote namrudishia Mwenyezi Mungu, aliyewagawia waja wake ndimi nyingi na bado anamsikia kila mmoja kwa lugha yake. Amenipa umri, amenipa nyumba yenye watu, na amenipa subira, ambayo nakiri kuna siku niliitumia vibaya. Nikishamshukuru, ndipo nisimulie.

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimefundisha watoto kusoma Kurani hapa Singida mjini. Naijua sura ya mtoto anayeogopa kukosea mbele ya mwalimu. Sikuwahi kufikiri kwamba nikiwa na miaka sabini na moja ningekaa mimi kwenye kigoda, daftari mapajani, nikijifunza kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kinepali. Wala sikuanza kwa nia njema. Nilianza kwa wivu.

Mwanangu alifanya kazi ya umeme miaka kadhaa Uarabuni. Huko akakutana na binti wa Nepali, binti akasilimu, wakafunga ndoa. Mimba ilipokua, binti akarudi kwao kujifungua, kwa baba yake mjane, kwenye kijiji cha milimani. Mjukuu wangu akalelewa na mzee yule mpaka akatimiza miaka minne. Mkataba wa mwanangu ulipokwisha, akawachukua wote wawili akawaleta kwetu.

Walishuka stendi siku ya upepo, mtoto amevaa ndala za mtu mzima.

"Kiatu kimoja kilipotea asubuhi ya safari, baba," mkwe wangu alieleza, kwa Kiswahili alichofundishwa na mumewe. "Tulitafuta nyumba nzima. Basi linapiga honi, sisi tuko chini ya vitanda."

Kesho yake nikaenda sokoni, nikamnunulia mjukuu wangu viatu vyekundu. Alivitazama, akavirudisha kwenye boksi, akafunika. Ndala zile zile akaendelea kuziburuta uani.

Nikasubiri aniamkie. Nimekulia kijijini Mungaa, ambako mtoto akimpita mzee bila shikamoo, habari zinafika kwao kabla yake. Mtoto ndiye anayeanza, mzee anaitikia. Basi sikumwanza. Nikasubiri wiki, nikasubiri mwezi, na yeye kila akiniona anashika gauni la mama yake na kuangalia pembeni.

Lakini kila siku, nikirudi kutoka kuswali Alasiri, simu ya mkwe wangu inalia, na yule mtoto mkimya anakuwa mtoto mwingine. Anakimbia mpaka ndala zinabaki nyuma. Kwenye kioo anatokea mzee mwenye kofia ya kitambaa cha marembo na meno machache, na mjukuu wangu anapaza sauti, "Hajurba!" Maana yake babu. Mimi nimekaa hatua tatu kutoka hapo, nami ni babu.

Kabla ya kuagana walikuwa na jambo lao. Mtoto anainua mguu na kuusogeza kwenye simu, na mzee kule anainamisha kichwa mpaka kofia inajaa kioo kizima. Nilipoona mara ya kwanza niliomba maghufira kwa sauti.

"Ni desturi ya kwetu, baba," mkwe wangu alisema. "Mtoto wa binti anaheshimiwa. Babu wa upande wa mama ndiye anayemwinamia."

"Yaani mzee ndiye anayemwamkia mtoto?"

"Ndiyo, baba."

Niliingia ndani. Mimi nasubiri heshima yangu mwezi wa pili huu, na kuna mzee anaigawa bure kwenye simu.

Mke wangu hakunisaidia. Yeye hakukaa darasani hata miaka minne, lakini Kinepali alikiokota jikoni kama anavyookota kuni. Akawa anaongea na mtoto maneno ya kwao, ya Kinyaturu na ya Kiswahili katika sufuria moja, na wanaelewana. Nikiwasikia wanacheka nakohoa mlangoni, na wao wananyamaza.

"Mnacheka nini?"

"Mlenda," mke wangu akasema.

"Mlenda unachekesha nini?"

"Mzee, una wivu kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake."

Hapo ndipo nilipoamua kujifunza. Nilitaka nijue mzee yule anampa mtoto maneno gani matamu, nami nimpe hayo hayo, kisha nizidishe. Na kwa kuwa sikutaka mtu wa nyumbani anione nikianza moja, nikaenda kwa rafiki yangu wa siku nyingi mwenye duka la vitambaa, mtu wa asili ya Kihindi. Nilijua yeye ni wa pande zile.

Alivua miwani akanitazama. "Maalim, hata babu yangu alizaliwa Singida hii. Mimi nyumbani Kigujarati, dukani Kiswahili, na akija mteja wa Issuna namsemesha Kinyaturu. Kinepali nakijua kama wewe unavyokijua Kizulu."

"Lakini si mmepakana?"

"Nani kapakana? Mimi nimepakana na muuza mafuta ya alizeti." Akanimiminia chai. "Kwani mama wa mtoto hayupo?"

"Yupo."

"Sasa mimi unanitafutia nini?"

Nilikunywa chai nikaondoka.

Basi nikamwendea mkwe wangu. Hakucheka. Alikuwa anachambua mchele barazani, akasogea kunipa nafasi. Kuanzia siku ile, kila asubuhi kabla jua halijawa kali, alinifundisha. Ek, dui, tin: moja, mbili, tatu. Pani ni maji. Bhat ni wali. Aau ni njoo. "Nani" kwao ni mtoto mpendwa, na hilo nililikariri kwanza. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nilisahau leo nilichokijua jana, na nikisahihishwa uso unanipanda moto. Niliwakumbuka watoto wote niliowakemea kwa herufi moja, nikaona haya. Yeye hakunikemea. Alirudia neno mara kumi kwa sauti ile ile, mkono wake ukitafuta mawe kwenye ungo.

Siku moja nilipiga moyo konde nikamwita mtoto: "Aau, nani." Aligeuka. Akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu afike, akapiga hatua moja. Kisha simu ikalia na akakimbilia huko. Ninaandika haya nikijua Mungu anaona: siku ile nilimchukia mzee ambaye hakuwahi kunitendea ubaya wowote.

Wiki iliyofuata simu ilikuwa inachajiwa chumbani kwangu, kwa sababu soketi ya sebuleni ilikufa, na mwanangu fundi umeme hana muda wa soketi za kwao. Mkwe wangu na mtoto walikuwa uani wanaanua nguo, upepo unawapigia kelele masikioni. Simu ikaita. Picha ya kofia ile ikatokea. Nilikuwa nimekaa kitandani na tasbihi mkononi. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Mara ya tatu niliigeuza kifudifudi na kuendelea kuhesabu tasbihi, midomo inasema jambo moja na moyo unafanya jingine.

Jioni mkwe wangu aliuliza, "Baba, simu iliita?"

"Sikusikia," nikasema. Mimi, ambaye watoto wa watu wananiita mwalimu.

Alipopiga yeye, mzee hakupatikana. Kesho yake jirani wa kule akatuma ujumbe. Mzee alikuwa amepelekwa mjini kupasuliwa jicho. Lile la pili lilikwisha kufa zamani. Hakutaka kuwatia hofu mapema. Alipiga akiwa njiani, alitaka amwone mtoto kabla hajafungwa bandeji, maana daktari hakumwahidi kwamba ataona tena.

Siku nne hapakuwa na simu. Kila baada ya Alasiri mjukuu wangu alikaa kwenye kizingiti, simu imelala mapajani, hali, haongei. Mke wangu alimwimbia, mwanangu alimletea karanga. Hakuna aliyejua kilichotokea ila mimi.

Asubuhi ya tano nikakaa kwenye kigoda changu. Sikufungua daftari.

"Nifundishe kuomba msamaha," nikamwambia mkwe wangu.

"Kwa nani, baba?"

Nikamwambia yote, mpaka simu niliyoigeuza kifudifudi. Mkono wake ulisimama kwenye mchele. Nilidhani atasimama aende. Kisha akasema, polepole kama siku zote, "Malai maaf garnuhos. Sema, baba." Nikasema. "Tena." Nikarudia mpaka sauti yangu ikanyooka. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuacha kunisahihisha.

Simu ilipokuja, Alasiri ya siku ile, nilikuwa mimi niliyeishika. Mzee alikuwa na bandeji kubwa upande mmoja, bila kofia, na nywele chache. Nilimwona mdogo kuliko nilivyomdhania. Mtoto alinijia mgongoni akachungulia. Nikasema kwa maneno machache niliyonayo, yaliyovunjika: simu iliita, nilikuwepo, sikupokea. Malai maaf garnuhos.

Mzee akaanza kucheka, cheko la kikohozi, akasema neno refu ambalo sikulishika. Mkwe wangu akaweka mkono mdomoni.

"Anasema nini?"

"Anasema kiatu anacho yeye." Alikuwa analia na kucheka. "Kile kilichopotea. Alikificha kwenye pipa la mchele. Alifikiri basi likituacha, tutabaki siku moja zaidi."

Wazee wawili tukacheka pamoja. Sikuhitaji mkalimani wa hilo.

Halafu akaniuliza jambo, pole pole, kama anavyomsemesha mtoto, na hili nililielewa mwenyewe: mtoto amekula? Nikajibu kwamba hajala vizuri, siku nne. Akatikisa kichwa. Akaniomba nimwekee mtoto mkono kichwani kwa niaba yake, kwa sababu yeye anasikia sauti yake kila siku lakini mkono wake haufiki.

Nikaketi chini kwenye mkeka, kama ninavyoketi na wanafunzi wangu. Nikamwekea mkono kichwani. Nywele zake zilikuwa laini na zina vumbi la uani. Nikamwombea dua, ya kwanza kwa niaba ya yule mzee, ya pili kwa niaba yangu. Mtoto hakunikimbia. Akasubiri nimalize, kisha, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kwa babu yake, akaninyooshea mguu.

Mimi siinami ila kwa Mungu mmoja. Niliushika ule mguu, nikaufuta vumbi kwa pindo la kanzu yangu, nikamwagiza mke wangu alete boksi la viatu vyekundu. Kimoja kilimkaa. Cha pili alikataa, akakikumbatia, akakisogeza kwenye simu, mama yake akamweleza mzee. Kila mmoja na kiatu chake.

Jicho lilipona, lote si lote, lakini anamwona. Bandeji ilipotolewa, mguu ulinyooshwa tena kwenye kioo, na kofia ikarudi kuinama. Wivu wangu haujaisha. Bado nikisikia "Hajurba" kuna kitu kinanichoma hapa kifuani. Tofauti ni kwamba sasa simu ikilia na mimi niko karibu, naipokea. Kinepali changu kimefika mahali naweza kumuuliza mzee habari za jicho lake na za mtama wake, naye ananijibu kama mtu anayeongea na mtoto wa darasa la kwanza. Nakubali. Shikamoo yangu haijaja bado. Nasubiri.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujalie sauti ya umpendaye isikupite, akufikishie mkono wako usikofika, na akusamehe simu ambazo hukuzipokea. Amina.