Vitabu vya Ufalme wa Chikichi

Tangu utotoni Kulthumu, fundi cherehani wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, na mdogo wake Esha walicheza ufalme wao wa kubuni mkekani: chikichi ndizo watu, kokoto za ziwani ndizo majini. Kila mfalme alipokufa, ujuzi wa kuwashinda majini ulipotea naye.

Mwaka wa uhuru, Kulthumu alijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima. Asubuhi moja akakata vipande vya karatasi, akavipanga mkekani.

“Hii ni nini, yaya?” Esha akamuuliza dada yake mkubwa.

“Vitabu. Leo watu wetu wanaanza kusoma.”

“Kwa hiyo mufalme mupya atajua siri zote?”

“Akisoma.”

Esha akachukua kipande kimoja. “Basi nifundishe na mimi, nimwandikie.”

Kufikia adhuhuri Esha alikuwa ameandika neno lake la kwanza maishani: si jina lake mwenyewe, bali la jini. Wakacheka mpaka machozi.