Tausi wa Bibi Yangu

Jamani, nichekeni, nimeyataka mwenyewe. Mimi ndiye mchora piko wa maharusi hapa Amu, na kila nikisifiwa hujibu, "Maua haya nimerithi kwa bibi yangu." Kumbe nayaiba mtandaoni. Ili nisifumaniwe, nimeiseti simu ijifutie yenyewe kila nilichotazama, mara tu ninapoifunga picha.

Majuzi nilikuwa namchora bi harusi tausi mkononi. Kichwa kilipokamilika nikasingizia haja, nikaingia chooni kuutazama mkia simuni. Mlango ukagongwa, kwa hofu nikaifunga picha. Kuirudia, subhanallah! Simu tupu, kama haijapata kuona ndege. Mimi sijasahau hata bakora za chuo cha Kurani, na kidude hiki chasahau kwa kufumba jicho!

Nikarudi kwa wanawake, piko mkononi, kichwa kitupu. "Bibi alikuwa hauharakishi mkia," nikasema, jasho likinichuruzika.

Bi harusi akainua simu yake kwa mkono usiochorwa, mama na mashangazi zake wote wakitazama. Tausi yule yule, mkia umetanda kioo kizima.

"Bi Zena," akauliza kwa upole, "kumbe bibi yako yuko mtandaoni?"