Matanga Jukwaani

Kikundi chetu cha maigizo pale Mbinga hakikucheza michezo ya zamani. Tuliandika mipya, ya maisha tunayoyaishi, tukaifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa parokia watu wakishatoka mashambani.

Mmoja ulihusu mama aliyefiwa na mwanawe mjini. Mwishoni anakaa mkekani peke yake, hakuna jirani anayekuja, anasema maneno machache, mchezo unaisha. Aliigizwa na nesi kutoka Kagera aliyepangiwa kazi kwetu. Kabla hatujaenda kuucheza Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, mama yake mzazi alifariki. Alipofika kwao, maziko yalikuwa yamepita. Alirudi akiwa bado hajalia. Alitueleza hivyo mwenyewe, kama anayetaja dalili ya ugonjwa.

"Dada, pumzika, tumtafute mwingine," mwongozaji wetu, mwalimu wa sekondari, alimwambia.

"Mwalimu, niache nijaribu. Nikilia huko jukwaani, itakuwa afadhali."

Tulicheza alasiri, uwanja wa shule ya msingi, ziwa likionekana nyuma ya wachezaji. Mimi nilikaa pembeni na mswada, kumkumbusha atakayesahau. Nesi alipokaa mkekani, akanyamaza. Nikamnong'oneza mstari wake. Nikarudia. Macho makavu, midomo imefungwa.

Bibi mmoja aliyekaa mbele akawageukia wenzake. "Jamani, mtu amefiwa, sisi tunamtazama tu?"

Akavua kandambili, akaenda kukaa naye. Wanawake wengine wakamfuata, wakijifunga vitenge vizuri.

"Watoe," mwalimu aliniambia. "Mchezo wote umejengwa juu ya upweke wake."

"Nenda wewe, mwalimu, ukamfukuze bibi wa watu matangani."

Hakwenda.

"Shikamoo, bibi," nesi alisema, nje kabisa ya mswada.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nani amekutoka?"

Mswada ulisema mtoto. Yeye akasema, "Mama."

"Ulimzika?"

"Nilichelewa."

Bibi akamvutia begani kwake. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuja mmoja mmoja kumpa pole, na sisi wachezaji tukafuata. Mwalimu alikuwa wa mwisho, akabaki amesimama ukingoni mwa mkeka, kofia mkononi.

"Kaa chini, baba," bibi akamwambia, akisogea kidogo. "Huyu si ndugu yenu?"