Maembe ya Kupeleka Guimaras

Jirani yangu Herminia ni mshonaji wa sare za shule hapa Jaro, Iloilo, mjane, na kwa miaka thelathini hajawahi kukata kitambaa bila kukipima mara mbili. Hata keki ya embe anaipima kwa futi yake ya kupimia nguo. Tabaka la biskuti, tabaka la krimu iliyopigwa na maziwa mazito ya kopo, tabaka la maembe; kila moja sentimita moja. Anarudia hivyo mpaka bakuli la kioo lijae, kisha linalala kwenye friji. Jiko haliguswi. Kwa joto la Aprili, nani aguse jiko?

Aprili ile mwanawe Jolan alitaka kuoa binti wa Guimaras, kisiwa cha hapo ng'ambo. Ikabidi twende kuposa kwa baba yake, mzee Teodulfo, aliyekwisha kuwakataa wachumba wawili. Herminia akatengeneza keki. Boksi la barafu nikabeba mimi.

Sasa, Guimaras haingizwi embe kutoka nje, kwa kuhofia wadudu waharibifu. Hilo hata mtoto analijua, na Herminia alilijua. Ila kichwani mwake ile ilikuwa keki.

Tulipofika gatini, mlinzi akafunua boksi.

"Mama, hiki nini?"

"Keki."

"Na haya ya njano?"

"Mapambo."

"Mama, haya ni maembe."

"Yalikuwa maembe, mwanangu. Wewe ukishonewa suruali, unaiita kitambaa?"

Mlinzi akamwita mwenzake. Wakaliinamia bakuli wote wawili, barafu ikiendelea kuyeyuka. Mwishowe wakakubaliana kwamba kinachokatazwa ni embe lenye kokwa. Hapo mwenzake akavuta mfuko kutoka chini ya bakuli: maembe mawili mazima, ya kukatwa na kupangwa juu tukifika.

"Na hii ni suruali pia?"

Yakabaki gatini.

Kwa mzee Teodulfo tulikaribishwa vizuri. Keki ikawekwa mezani na upara wake, bila maembe ya juu. Dirishani nikaona maembe yananing'inia, safu kwa safu, mpaka macho yanapokoma.

"Maembe ya wapi haya?" mzee akauliza.

Jolan akatazama viatu vyake. Na mimi nikatazama viatu vya Jolan.

"Ya sokoni kwetu, Iloilo," Herminia akajibu. "Mwanangu aliniambia wewe mkulima. Nikadhani mpunga."

"Umeniletea embe. Mimi."

"Ndiyo, nimekuletea."

Mzee akainuka, akatoka nje. Binti yake Liezel akaanza kulia bila sauti.

Akarudi na maembe matatu na kisu. Akamenya, akakata, akafunika ule upara wote, taratibu. Kisha akajipakulia. Akala vipande vya juu. Akala vya chini. Akajipakulia tena.

"Vya chini vinajitahidi," akasema.

Sahani ya tatu ilipoisha, akafuta mdomo.

"Mei, wiki ya pili. Keki utatengeneza wewe, mama, lakini hapa hapa, na maembe nitachagua mimi."

"Watu wangapi?"

"Mia nne."

"Basi tafuta friji sita."

Wakaendelea kubishana kuhusu friji. Jolan alikuwa bado anasubiri jibu. Ikabidi Liezel amkanyage mguu ndipo ajue kwamba anaoa.