Uso wa Bi Galila

Mji mzima wa Asyut, kule Misri, ulijua kwamba Fundi Wagih Tawadros akikupiga picha, unatoka mzuri kuliko ulivyo. Siri yenyewe ilikuwa pazia la studio, lenye bustani iliyochorwa na marehemu baba yake, ambalo panya walishalitafuna. Badala ya kununua jingine, Wagih alilifungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Hapo aliye mbele hutoka wazi, kope kwa kope, na vyote vya nyuma hugeuka ukungu. Watu wakadhani ni ufundi. Kumbe ni panya! Naye akavimba kichwa kwa kusifiwa.

Asubuhi moja akaingia Inayat, ambaye Wagih alimpiga picha ya harusi miaka sita nyuma. Macho mekundu, nguo nyeusi tupu.

"Fundi, mama kafariki. Keshokutwa ni arobaini yake, na hatuna picha ya kutundika ukutani."

"Pole sana, mwanangu. Lete yoyote, nitaikuza."

"Hiyo yoyote iko wapi? Za zamani hazikubaki, na tangu baba afe, mama hakutaka kupigwa picha. Iko hii tu."

Ilikuwa ya harusi. Bibi harusi anang'aa, hata shanga za shingoni unazihesabu. Hatua mbili nyuma yake amesimama mtu mwenye nguo nyeusi, hana macho wala mdomo.

Wagih alikumbuka vizuri. Bi Galila, mama wa bibi harusi, aliingia dakika za mwisho, naye akamwona kwenye kamera amesimama pale nyuma. Kulifinya tundu ili mama naye atoke wazi ni kuzungusha pete ya lenzi tu na kuongeza taa. Lakini pazia nalo lingetoka wazi, matobo na yote. Akaliacha tundu lilivyo, akabonyeza.

Inayat alipoondoka, Wagih alijifungia na filamu ya harusi ile mpaka alasiri. Kila alivyoukuza uso, ukungu ulikua nao. "Mzee mzima, mjinga wa kutupwa!" alijitukana, machozi yakimtoka.

Inayat aliporudi, Wagih alimweleza yote, hakuficha hata panya.

"Nitukane, mwanangu. Uso wa mama yako nimeupoteza mimi, kwa ajili ya pazia."

Inayat hakumtukana. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Siku ya harusi wewe ulikuwa unahangaika na taa, hukusikia. Mama alitaka kusimama kando yangu, bega kwa bega. Nikamwambia, we mama, na hayo manguo yako ya msiba utanitia nuksi, hebu rudi nyuma. Akacheka, akarudi."

Wagih akamrudishia ile picha.

"Ikuze hiyohiyo, Fundi."

"Watu watauliza huyu ni nani."

"Waache waulize. Nitawaambia ni mama, na hapo nilimweka mimi."